Vicheko katika darasa la Kiswahili Uganda: yasemwayo na yaliyo kweli

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe, Julai 2022, Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, ushauri wa namna ya kukifundisha umekuwa mwingi. Mwingine si wa kufuatwa.

"Darasa la vicheko halifundishi kitu." Husemwa hasa na wazazi waliosoma enzi za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiganda au Kiacholi shuleni. Kiingereza walikipata, ndiyo, lakini hatuwahesabu waliojifunza kunyamaza tu. Mwanasaikolojia Barbara Fredrickson ameeleza kwamba hofu huibana akili ifikirie kujiokoa, ilhali furaha huipanua ijaribu mapya. Mwenye furaha huthubutu sentensi asiyoimudu bado, na lugha hukulia hapo. Viboko, kwa taarifa ya wanaovililia, vilipigwa marufuku shuleni kwa sheria ya watoto ya mwaka 2016.

"Anayefurahia haogopi." Hapana. Mwaka 2014, watafiti Jean-Marc Dewaele na Peter MacIntyre walichapisha utafiti wa wanafunzi 1,746 wa lugha kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Furaha na wasiwasi vilipingana kwa kiasi tu, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Msichana wa Gulu anayetetemeka kwenye mdahalo huenda ndiye anayeufurahia kuliko wote ukumbini. Na ukiiondoa hofu darasani, raha haiji yenyewe. Unaweza kubaki na usingizi.

"Raha ni nyimbo na michezo." Hapa hupotoka walimu wenyewe, tena wale wazuri. Wanafunzi wa utafiti ule walitaja pia kuona wamepiga hatua, kutambuliwa na mwalimu au wenzao, na kuitumia lugha kwa shughuli halisi. Shule ya Busia ina mpaka wa Kenya mlangoni. Mwanafunzi akipatana bei ya nyanya na mama kutoka ng'ambo, akapunguziwa, raha yake haihitaji kibwagizo.

"Ngeli ndizo zinazowakatisha tamaa." Inategemea nani. Anayezungumza Kiganda, Kisoga au Kinyankole ana ngeli za aina hiyo nyumbani kwao. Wa Kilango au Kiteso hazijui kwa mpangilio huo, na kuwasahihisha wote kwa kasi moja mbele ya darasa ni kumwonea huyu wa pili.