Medali Mbili, na Koplo Aliyeburutwa Akiwa Hai

Kila inapokaribia tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa, sisi tunaofundisha askari wanaojiandaa kwenda misheni huulizwa: mbona wote waliokufa hupewa medali, halafu mmoja anatajwa peke yake kuwa shujaa? Swali ni la haki. Medali ziko mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama mwaka 1997 kwa azimio namba 1121. Hupewa familia za waliofariki wakihudumu katika misheni za kulinda amani, awe mtu alipigwa risasi au gari lake lilipinduka. Haivaliwi kifuani. Ni kioo chenye umbo la yai, kimechongwa jina la marehemu na tarehe aliyofariki.

Ya pili haiulizi umekufaje. Inauliza ulifanya nini. Imepewa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, ambaye mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikuwa akiwapitisha watu kwenye vizuizi vya Kigali, wachache wachache ndani ya gari, huku akiwatania wauaji na kuwagawia sigara. Alinusuru mamia. Tarehe 31 Mei mwaka huo kombora liliangukia karibu na gari lake, akafa. Medali yenyewe ilianzishwa miaka 20 baadaye, 2014, na ya kwanza ikakabidhiwa familia yake 2016.

Aliyefuata kuipata ni kijana wa Malawi, Praiveti Chancy Chitete.

Novemba 2018 alikuwa karibu na Beni, Kivu Kaskazini, katika brigedi ya kujibu mashambulizi ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani nchini Kongo; ni brigedi ambayo Malawi, Tanzania na Afrika Kusini zilichangia askari. Waasi wa ADF walikuwa wakiwaua raia wa eneo hilo, na Ebola ilikuwa imeshaingia; wahudumu wa afya hawakuweza kufika kila kijiji kwa sababu ya bunduki. Walinda amani wakaenda kuwafurusha waasi, na mapigano yakawa makali kuliko ilivyotarajiwa.

Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Wengi hudhani ushujaa hutokea askari anaposonga mbele. Siku ile kikosi kilikuwa kinarudi nyuma, risasi zikiwafuata, na kurudi nyuma ndiko kunakoacha majeruhi porini. Koplo mmoja wa Tanzania alikuwa amelala mahali pa wazi, ameumia vibaya, hawezi kujisogeza. Chitete alimwendea, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Aliyewahi kufunga jeraha linalovuja damu anajua kazi hiyo inataka mikono yote miwili, na mwenye mikono miwili kwenye jeraha hana wa kushika bunduki. Akiwa katika kazi hiyo, akapigwa risasi yeye, akafa.

Koplo alipona.

Taarifa za mwanzo za Umoja wa Mataifa zilitaja walinda amani saba waliouawa katika operesheni ile: Wamalawi sita na Mtanzania mmoja. Huwa nasisitiza hili, maana kumtaja Chitete peke yake, kama vile wenzake walikuwa watazamaji, ni kuwadhulumu. Walikuwepo wote. Tofauti ni kwamba tendo lake lilionekana, likasimuliwa na waliokuwa pale, na aliyeokolewa alibaki hai. Ujasiri usio na shahidi haufiki kwenye kamati yoyote ya nishani, na sina shaka mwingi umezikwa hivyo.

Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliitoa medali ya Kapteni Diagne. Aliyeipokea ni mjane wa Chitete.