Baruti ya zamani: ukavu pekee hautoshi
Miongoni mwa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani, wengi huamini kwamba baruti haiharibiki: ikikaa pakavu, kopo likiwa limefungwa, hata ile iliyoachwa na babu itafaa.

Imani hiyo ina asili yake. Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, hudumu mno ikikingwa na unyevu. Lakini baruti isiyo na moshi, inayotumika katika risasi nyingi za leo, ni kitu kingine kabisa. Msingi wake ni nitroselulosi, ambayo huoza yenyewe polepole hata pakavu na kutoa gesi zinazoharakisha uozo huo. Viwanda huongeza kidhibiti, mara nyingi daifenilamini, ili kinase gesi hizo. Kikiisha, kinga imekwisha. Joto ndilo adui mkubwa, na baruti iliyooza huweza kujipasha moto hadi ikawaka. Manowari za Ufaransa Iéna (1907) na Liberté (1911) zililipuka bandarini Toulon, na lawama zikaelekezwa kwa baruti iliyochakaa.

Hata hivyo, kopo lililotunzwa mahali pa baridi huweza kuwa zima baada ya miongo. Angalia kutu ndani ya kopo, vumbi au mvuke wa kahawia nyekundu, na harufu kali ya asidi. Usiingize pua koponi. Dalili moja inatosha kuiacha. Lisilo na lebo yake ya asili nisingeligusa kabisa, maana vipimo vya kujazia risasi hutegemea aina hasa ya baruti. Kuhusu kuitupa, waulize zimamoto wa eneo lako.