Kozi mdogo anayesimama hewani si mwizi wa vifaranga

Kuanzia Mbeya hadi Iringa, wafugaji wengi wanaamini kwamba kila ndege mwenye mdomo uliopinda anayezunguka juu ya mji anawinda vifaranga. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mwewe huwanyakua kweli. Lakini kozi mdogo wa rangi ya matofali anabebeshwa kosa lisilo lake.

Mwangalie anapowinda. Huelekea upepo, hutandaza mkia kama feni na kupigapiga mabawa palepale, kichwa kimetulia tuli. Chini kuna panya, panzi au mjusi. Ana uzito wa takriban gramu 200 tu. Kifaranga wa siku chache anaweza kumchukua mara mojamoja, kuku mkubwa hamwezi kabisa. Mwewe humzidi uzito zaidi ya mara mbili, na mkia wake una panda. Ukiona panda, ficha vifaranga.

Ushahidi mzuri zaidi uko chini ya nguzo au mwamba kozi anapopenda kutua. Kozi hutapika manyoya na mifupa asivyoweza kumeng'enya, vikiwa vidonge vya kijivu vya sentimita 2 hadi 4. Vaa glovu, loweka kidonge kwenye maji ya uvuguvugu hadi kilegee, kisha kichambue kwa kijiti. Usikivunje kikavu, vumbi lake si zuri kuvuta. Utakuta manyoya ya panya, miguu ya panzi, magamba ya mbawakawa.

Hao panya ndio wanaomaliza mahindi ghalani.