Ruzuku si msaada, si zawadi

Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu, na hairudishwi kazi hiyo ikifanyika kama ilivyokubaliwa. Maana ndiyo hiyo. Linalonikera ni kusikia kila mara vikundi vya mazingira vikitangaza kuwa "vimepata msaada wa kurudisha msitu", kana kwamba kilichobaki ni kushukuru tu.

Sehemu ya lawama ya kuchanganya ruzuku na msaada ni ya mbolea. Mkulima anaponunua mbolea ya ruzuku, serikali imemlipia sehemu ya bei. Akishaubeba mfuko hadaiwi ripoti na mtu. Ruzuku ya mradi ni kitu kingine kabisa. Hii huombwa kwa andiko na husainiwa mkataba, na mara nyingi huja kwa awamu: ripoti ya awamu ya kwanza isipopita, ya pili hamuioni. Hela ya miche ikinunua pikipiki, mnaweza kutakiwa kuirudisha.

Tena si lazima fedha itangulie kazi. Marekani wana sheria ya mwaka 1937, Pittman-Robertson, inayopeleka kodi ya bunduki na risasi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori na makazi yao. Jimbo hutoa fedha zake kwanza, likafanya kazi, kisha likarudishiwa hadi asilimia 75 ya gharama. Sheria yao ya ardhioevu ya 1989 nayo inadai kwamba kwa kila dola unayoomba, ulete angalau dola moja nyingine isiyotoka serikali kuu. Sadaka gani hiyo, ya kuambiwa uchangie nusu?

Tanzania tuna mfuko wa uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF, ulioanzishwa 2001. Mtaji wake umewekezwa, na faida ya uwekezaji ndiyo inayosaidia kutoa ruzuku. Nao huchambua maandiko ya waombaji.

Kasoro ya kweli ya ruzuku iko kwenye muda: mkataba huisha baada ya miaka michache, msitu wa kumfaa mbega unahitaji miongo. Hilo lilalamikiwe, ni haki.

Ila mwandishi wa redio akija kuwahoji, semeni tu: "Tumepewa ruzuku ya kurejesha makazi ya mbega, na hesabu tutaitoa." Shukrani pia mnaweza kuziongeza, hakuna anayekataza.