Muda wa kubadilisha oili hausomwi kwenye rangi

Pita gereji yoyote, Mwanakwerekwe au Chake Chake, utamsikia mtu kachomoa kijiti cha oili, kakipangusa kwa kidole, kakunja uso: "Hii imekufa, nyeusi tititi." Na gari yenyewe ni ya dizeli.

Muda wa kubadilisha oili ni kiasi cha kazi ambacho aliyeunda injini amekadiria oili itakimudu. Hupimwa kwa kilomita, miezi au saa za injini, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Dizeli nyingi za zamani hutajiwa kilomita 5,000 au miezi 6. Majenereta mengi, saa 250. Kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi.

Sasa huo weusi. Dizeli ikiungua hutoa masizi, na baadhi hupenya pembeni mwa pistoni yakashukia kwenye oili. Ni madogo mno, filta haiyakamati. Kwa hiyo oili ya dizeli hutiwa dawa za kuyashika yaelee, yasigande kwenye vyuma, hadi siku ya kumwagwa. Ndiyo maana inakuwa nyeusi baada ya safari chache tu: inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kinachochoka ni zile dawa. Zikipungua, masizi hushikana yakawa tope na asidi huanza kula beringi, na hayo kidole hakiyaoni. Rangi ya kutisha ni nyingine: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wenye boti wanaijua.

Kilomita nazo zinadanganya. Daladala iliyokwama Darajani injini ikinguruma haisogezi mita, lakini oili inachoka vilevile. Umeme ulipokatika Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalikoroma usiku na mchana bila kusogea hata shubiri. Pale ungehesabu kilomita gani? Vitabu vya injini vina fungu la matumizi magumu, yaani vumbi, mizigo mizito, safari fupi, kusimama injini ikiwaka, na humo muda hupunguzwa, mara nyingi kwa nusu. Mwenye daladala mjini asome fungu hilo.

Kijiti usikitupe, fundi. Kinakuonyesha kimo; kikishuka, ongeza, ila kuongeza hakuanzi hesabu upya. Tarehe na kilomita za siku uliyomwaga ziandike kwenye kibandiko, ukibandike chini ya boneti.