Ubepari umtumikie nani? Dhana potofu na ukweli kutoka kwenye pesa za simu

Waliosoma Tanzania enzi za Ujamaa walifundishwa kwamba ubepari ni unyama. Wajukuu wao wamekua wakiambiwa kila mtu apambane na hali yake. Kauli hizi mbili hazijapatana mpaka leo. Kila ugomvi wa kodi, bei au mikopo huturudisha palepale: ubepari umtumikie mtu mmoja mmoja, au jamii nzima?

Napendelea kulitazama swali hili kupitia pesa za simu, biashara ambayo karibu kila msomaji anaitumia. Ni ubepari kamili, wenye wanahisa, faida na ushindani. Humo ndimo dhana nyingi potofu zinapojionyesha wazi.

Dhana: Utajiri huletwa na mtu mwenye wazo; kazi ya jamii ni kununua tu

M-Pesa, huduma ya pesa za simu ya kampuni ya Safaricom, ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007. Simulizi tuliyoizoea inasema kampuni ya simu iliona mbali, ikathubutu, ikavuna. Kuthubutu kulikuwepo, na si haki kuwanyima sifa waliokesha kuijenga huduma ile. Lakini angalia fedha za mwanzo zilitoka wapi. Sehemu ya gharama za majaribio ililipwa na idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, yaani kodi za Waingereza, na Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa Safaricom, ikachangia upande wake. Safaricom yenyewe wakati huo ilimilikiwa na serikali ya Kenya kwa asilimia 60. Wakenya walianza kuuziwa hisa kwa wingi mwaka 2008, serikali ilipouza asilimia 25 ya kampuni kwa bei ya shilingi 5 kwa hisa.

Wazo nalo lilibadilikia mikononi mwa wateja. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakaona matumizi mengine: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ikasoma alama za nyakati, ikaacha mambo ya marejesho, ikajenga huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwishoni mwa 2008, huduma ilipotuhumiwa kuwa si salama, Wizara ya Fedha iliagiza ikaguliwe. Januari 2009 majibu yakatoka kwamba iko salama. Benki Kuu ya Kenya ingeamua kuizuia tangu mwanzo, leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Kuna jambo jingine ambalo naona linasahaulika zaidi kuliko yote. Kabla ya simu, pesa za nyumbani zilipitia posta, kwa makondakta wa mabasi, au kwa jirani anayesafiri. Zilikwenda kwa sababu anayefanya kazi mjini hawezi kula peke yake wakati mama yake kijijini hana dawa. Biashara ile ilijengwa juu ya wajibu huo wa undugu, uliokuwepo miaka mingi bila mwekezaji yeyote kuulipia. Ukiniambia faida yote ni jasho la kampuni, nitakuuliza wajibu huo nani aliupanda.

Dhana: Wachumi wakubwa walishasema kampuni kazi yake ni faida, basi

Anayetajwa zaidi ni Milton Friedman, kwa makala yake ya mwaka 1970 katika jarida la New York Times. Kweli aliandika kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Wanaomnukuu huishia hapo, wakaacha sharti lake: faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, kwa ushindani wa wazi, bila hila wala udanganyifu. Na kanuni hizo anayeziandika ni jamii. Adam Smith naye hufanywa mtetezi wa ubinafsi kwa sababu ya ule mkono usioonekana, yaani wazo kwamba mtu akitafuta faida yake huinufaisha jamii bila kukusudia; katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1776 anautaja mara moja tu. Kitabu hichohicho kinaonya kwamba wafanyabiashara wa fani moja wakikutana, mazungumzo yao huelekea kwenye kuunyonya umma na kupandisha bei.

Sheria zetu pia hazisemi faida tu. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 kinamtaka mkurugenzi, anapotafuta mafanikio ya kampuni, azingatie athari za muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, jamii inayoizunguka na mazingira. Utekelezaji wake una udhaifu, lakini hakuna mkurugenzi anayeweza kudai kwamba sheria inamkataza kuijali jamii.

Dhana: Acha soko, litajirekebisha lenyewe

Kenya, kwa miaka kadhaa, wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Mtandao mpya ungelazimika kutafuta mawakala wake upya, nchi nzima. Soko halikurekebisha hilo. Airtel, mtandao mshindani, ililalamika, na Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ikaagiza mawakala waachwe huru. Mwaka huohuo Tanzania, baadhi ya mitandao ilikubaliana wateja wake watumiane pesa moja kwa moja, Vodacom ikajiunga baadaye. Kenya ilifika hapo mwaka 2018.

Dhana: Kampuni ikijenga shule, imemaliza deni lake kwa jamii

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na inahitaji maelezo kidogo.

Ukiweka pesa kwa wakala, salio unaloliona kwenye simu ni hesabu tu. Fedha zenyewe zinakaa benki, kwenye akaunti ya udhamini, kwa niaba yenu wateja wote. Kampuni hairuhusiwi kuzitumia kwa shughuli zake, na hilo ni jambo zuri: kampuni ikifilisika, pesa zenu zinabaki kuwa zenu. Lakini fedha nyingi zikikaa benki huzaa riba. Riba hiyo ni ya nani?

Nchi mbili jirani, zenye biashara ileile, zilijibu tofauti. Kenya, riba haikuruhusiwa kwenda kwa kampuni wala kwa mteja. Ilielekezwa kwenye shughuli za hisani, kupitia M-Pesa Foundation. Imefanya kazi inayoonekana, ikiwemo shule ya sekondari eneo la Thika kwa wanafunzi wenye vipaji kutoka familia zisizo na uwezo. Tanzania, Benki Kuu iliruhusu faida ya akaunti hizo iwafikie wateja. Mwaka 2014 Tigo Pesa, huduma ya pesa za simu ya mtandao wa Tigo, ilianza kuigawa, kila robo mwaka, kulingana na salio na matumizi ya kila mmoja, wakiwemo mawakala. Mitandao mingine ikafuata.

Wengi watasema mfumo wa Kenya ndio unaoitumikia jamii na wa Tanzania unamtumikia mtu binafsi. Sioni hivyo. Mama muuza mboga anayeacha shilingi elfu kadhaa kwenye simu yake ndiye jamii yenyewe. Fedha yake ikizaa, kisha wengine wakaamua shule ijengwe wapi na nani asome, hakuna aliyemuuliza. Shule ni njema, ila aliyeigharamia hatajwi popote. Anayesifiwa ni mwenye jina lililoandikwa getini. Mgawo wa Tanzania kwa wengi ni kidogo, pengine hautoshi hata nauli ya daladala, lakini unamfikia kama haki yake. Anaweza kuuhesabu, kuulinganisha na wa mwenzake, na kuuliza kwa nini umepungua. Hisani haihojiwi namna hiyo.

Ninalosisitiza ni kwamba ubepari wenyewe haukuchagua lolote kati ya haya mawili. Mitambo ni ileile, simu ni zilezile, na pande zote mbili Vodafone ina hisa, Kenya kwenye Safaricom na Tanzania kwenye Vodacom. Kilichotofautiana ni kanuni.

Dhana: Jamii maana yake serikali

Wanaotaka uchumi uitumikie jamii mara nyingi huishia kutaka serikali ipewe zaidi. Tanzania tunayo kumbukumbu ya Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalipotaifishwa kwa jina la wakulima na wafanyakazi. Nia ilikuwa ya heshima. Hata hivyo, miaka 40 baadaye wakulima wengi bado hawakuwa na akaunti popote, na aliyewafikia kijijini alikuwa wakala wa simu.

Julai 2021 serikali ilianza kutoza miamala ya simu, na ikaiita tozo ya mshikamano. Kwa muamala mkubwa ilifika shilingi 10,000, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Lengo lilitajwa kuwa huduma za wananchi: vituo vya afya, madarasa, barabara. Wananchi haohao walipiga kelele, wengi wakarudi kwenye pesa taslimu, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mzigo uliwaangukia wanaowatumia ndugu zao hela ya dawa, ilhali mwenye uwezo aliweza kupitia benki. Kwa hiyo ukisikia jambo linafanywa kwa ajili ya jamii, uliza ni nani hasa analipa.

Dhana: Mkopaji ni mtu mzima, alikubali masharti mwenyewe

Hapa utetezi wa uhuru wa mtu binafsi umetumika vibaya kupita kiasi. Mikopo ya kausha damu, yaani ile midogo ya haraka yenye riba kubwa, imepewa jina hilo na wenyewe waliokopa. Zile za kwenye programu za simu huomba ruhusa ya kusoma orodha yako ya majina, na ukichelewa kulipa, mkopeshaji humpigia mkwe wako, bosi wako, mwalimu wa mtoto wako. Dhamana aliyoichukua ni aibu yako mbele ya watu wako. Mkopaji alibonyeza kukubali, ndiyo. Lakini mkwe wake hakukubali chochote, na riba halisi mara nyingi ilifichwa ndani ya makato ya siku ya kwanza.

Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza mkopeshaji wa mtandaoni kumdhalilisha mdaiwa au kuwasumbua watu waliomo kwenye simu yake. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hizi zimemlinda mtu mmoja mmoja na ukoo wake kwa pamoja, na wakopeshaji waadilifu bado wanapata faida yao. Benki Kuu huchapisha majina ya wakopeshaji wenye leseni. Kabla ya kupakua programu yoyote ya mkopo, angalia kama jina lake limo, na usome ni ruhusa gani inaziomba kwenye simu yako.