Je, wajua kwa nini bafu refu na jembamba hubana kuliko la mraba lenye eneo lilelile?

Chukua mabafu mawili. La kwanza lina mita 2 kwa 2, la pili lina urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 1.25. Piga hesabu: yote mawili yana mita za mraba 4 kamili. Lakini ndani ya lile la pili unapita ubavuubavu, goti linagonga choo, na mtu akiwa anapiga mswaki inabidi umsubiri amalize ndipo upite. Eneo ni lilelile na vifaa ni vilevile, sasa nafasi imekwenda wapi?

Kila kifaa cha bafuni hudai nafasi mara mbili: pale kinapokaa chenyewe, na pale anaposimama au kukaa anayekitumia. Katika chumba cha mraba, vifaa huegemea kuta na vyote huazimana kipande kimoja cha sakafu pale katikati. Hapohapo ndipo unaponawa, unapojifuta maji, na ndipo magoti yanapofika ukikaa chooni. Chumba chembamba hakina katikati. Kina ujia, na kila kifaa kinaumega ujia huo kwa pembeni. Choo cha kukaa chenye tangi mgongoni hutokeza kama sentimita 65 hadi 70 kutoka ukutani. Kwenye upana wa mita 2, kikitokeza 70 kinabakiza sentimita 130 mbele yake. Kwenye upana wa mita 1.25 kinabakiza 55. Kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, IRC, inataka angalau inchi 21 mbele ya choo, yaani sentimita 53 na ushei. Umepita, lakini chupuchupu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama vifaa vyote vitaenea, pima ujia pale utakapobanwa zaidi. Ukipata sentimita 75 mtu mzima anapita bila kujikunja. Chini ya 60 anaanza kugeuka ubavu.

Kinachoamua mengi zaidi ni mlango, nao ndio watu huufikiria mwisho. Mlango ukiwa kwenye ukuta mfupi, bafu zima linageuka korido: unaingia kichwani na kutembea hadi mkiani. Ukiwa katikati ya ukuta mrefu, chumba kinagawanyika chenyewe. Shawa inakwenda upande huu, choo upande ule kikiwa kimeegemea ukuta wa mwisho na kuutazama urefu wa chumba, halafu sinki linatazamana na mlango. Hakuna kifaa unachokipita ili ukifikie kingine, na magoti ya aliyekaa chooni yana nafasi tele. Kama nyumba bado iko kwenye ramani, gharama ya kuuhamisha mlango huo ni kufuta mstari mmoja wa penseli. Baada ya ukuta kusimama ni habari nyingine.

Vilevile mlango usifungukie ndani. Mlango wa sentimita 70 unafagia robo duara ya sakafu ambayo huwezi kuweka chochote. Lipo na la usalama: mtu akianguka bafuni, mwili wake ndio unaozuia mlango, na aliye nje hawezi kumfikia. Ufungukie nje, au uwe wa kuteleza ukutani.

Wengi wetu hata hivyo tunakuta mlango uko kwenye ukuta mfupi na hauhami. Hapo mpangilio unaofanya kazi ni kwenda kutoka pakavu kuelekea palipolowa: sinki karibu na mlango, choo kinafuata, shawa mwisho kabisa. Sinki linatangulia kwa sababu ndilo linalotumika mara nyingi zaidi kwa siku, na pia kwa sababu yapo yanayotokeza sentimita 30 kutoka ukutani badala ya 45 au 50 za kawaida, hivyo halizibi njia pale mnapopishana. Shawa inakwenda mwisho kwa sababu mbili. Maji yake hayakanyagwi na anayetaka kunawa mikono tu. Halafu, huko mwisho ule wembamba uliokusumbua unakuwa faida: ukuta hadi ukuta una sentimita 125, wakati shawa nyingi hutengewa 80 au 90.

Usiifunge shawa hiyo kwa kioo chenye bawaba. Kipande kimoja cha kioo kisichosogea, chenye upana wa kama sentimita 60, kinatosha kuzuia maji, na nafasi inayobaki pembeni ndiyo mlango. Kama dirisha liko ukuta wa mwisho, kioo kitapitisha mwanga hadi mlangoni. Ukuta wa vigae ungeuzima. Na mwambie fundi bomba koki ya shawa aiweke karibu na hapo pa kuingilia, isiwe chini ya shawa yenyewe. Mafundi wengi huziweka pamoja kwa mazoea, na matokeo yake ni kunyoosha mkono kupitia maji ya baridi kila unapofungulia, mpaka bega lilowe kabla hujawa tayari.

Sakafuni, agiza mfereji mwembamba wa kupokea maji ukutani mwisho badala ya tundu la katikati. Tundu la katikati linataka sakafu iinamie kwake kutoka pande nne, na vigae vikubwa haviwezi kufanya hivyo bila kukatwakatwa. Mfereji unataka mteremko wa upande mmoja tu. Kwa asilimia 2, shawa ya sentimita 90 inashuka kama sentimita 1.8.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakikusikilizi sana, nacho ni choo. Bomba la kutolea maji machafu ya sinki huwa na kipenyo cha kama milimita 32 na la shawa 40 hadi 50, hivyo yanapitishika bila shida kubwa. La choo lina 100 au 110 na linahitaji mteremko, mara nyingi kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 80. Ukikisogeza choo mita 2 kutoka kwenye bomba kuu la maji taka, kwa 1 kwa 40 lazima lishuke sentimita 5, na ghorofani hizo zinatafutwa ndani ya zege. Tafuta kwanza bomba kuu liko wapi, kisha upange vingine kukifuata choo. Vyote vikikaa ukuta mmoja, fundi anachimba ukuta huo peke yake.

Hapa niseme kuhusu choo cha kuning'inia chenye tangi lililofichwa, ambacho huuzwa kama dawa ya bafu dogo. Chenyewe hutokeza sentimita 50 hadi 55 tu, kweli. Lakini tangi na fremu yake vinahitaji kama sentimita 15 hadi 20 ndani ya ukuta. Ukuta uliopo usipoweza kuvimeza, unajenga kingine mbele yake, na jumla inakurudisha kwenye 70 zilezile. Ulichopata ni sakafu rahisi kudekiwa na rafu juu ya tangi. Si haba, ila usikinunue kwa ajili ya nafasi.

Mambo ya macho ni mepesi zaidi. Kioo kikubwa cha kujitazamia kiwe kwenye ukuta mrefu, kwa sababu kinaongeza upana. Ukutani mwisho kinarefusha korido. Vigae virefu vya sakafuni vilazwe kukatiza upana. Sabuni na shampuu zipate shubaka ndani ya ukuta wa shawa, maana rafu ya kutokeza itakutana na kiwiko.

Usisahau hewa. Feni ya kutolea mvuke ikae upande wa shawa, mbali na mlango, ili hewa kavu ipite chumba kizima kabla ya kutoka. Chini ya mlango acha mwanya wa sentimita 1 hadi 2. Mlango ukikaza hadi sakafuni na dirisha likiwa limefungwa, feni itanguruma na vigae vitabaki na jasho.